Vijei Akinyamaza: Filamu na Tamthilia za Kutazama kwa Masikio Yako Mwenyewe

Katika filamu ya Timbuktu (2014) kuna mechi ya kandanda ambayo vijei yeyote wa Kampala, yule mfasiri anayeongea juu ya filamu kibandani, angeiua. Wanamgambo wameuteka mji na kupiga marufuku muziki, sigara na mpira. Vijana wanaingia uwanjani na jezi zao, wanagawana timu, wanaanza kucheza. Wanapeana pasi, wanakabana, kipa anaruka, mmoja anafunga na kushangilia. Mpira wenyewe haupo. Punda anakatiza uwanjani taratibu. Pikipiki ya wanamgambo ikitokea, wote wanajifanya wananyoosha viungo. Ikishapita, mechi inaendelea. Hakuna anayesema neno.

Sasa mkabidhi vijei dakika hizo. Kazi yake ni kuongea, na watu wamelipa wamsikie akiongea. Hazitapita sekunde kumi kabla hajawapa wale vijana majina ya wachezaji wa Arsenal na Manchester United. Kibanda kizima cha video kitacheka, na alichokuwa akikijenga mwongozaji Abderrahmane Sissako kitakuwa kimekwenda na maji.

Simtukani vijei. Ufundi wake ni mkubwa: anashusha sauti ya filamu, anafasiri kwa Kiganda papo hapo, anamweleza mtazamaji wa Bwaise huyu ni mtoto wa nani na kwa nini anapigwa, na hadithi ikilegea anaikaza kwa utani. Filamu ya ngumi kutoka Hong Kong au ya Kihindi ya saa tatu hupata ladha nyingine mdomoni mwake. Shida ni kwamba filamu nyingi zilizosifiwa duniani zimejengwa kwa kimya, na kimya ndicho anacholipwa kukijaza. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama filamu ni nzuri, uliza utaisikia kwa sauti ya nani.

Hapo ndipo wanaojua Kiswahili katika nchi hii wana bahati ambayo wengi wao hawajaitumia. Katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini muda mrefu kabla ya hapo kilikuwa lugha ya kambi za jeshi na vituo vya polisi, ya Busia na Malaba, ya madereva wa malori, ya wafanyabiashara wa Congo wanaoshuka Kikuubo, na ya makazi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyangwali. Ukiwa mmoja wao, baadhi ya filamu bora za kanda hii zinakusubiri bila mkalimani.

Anza na Nairobi Half Life (2012) ya David "Tosh" Gitonga. Mwas, anayeigizwa na Joseph Wairimu, anauza filamu kijijini, na ili mteja atoe pesa anamwigizia vipande vyake palepale barabarani. Ni binamu wa vijei, kwa kweli. Anakwenda Nairobi kutafuta jukwaa, na siku ya kwanza tu jiji linamvua kila alichonacho. Kuanzia hapo maisha yake yanagawanyika: mchana anafanya mazoezi ya tamthilia na watu wa mjini, usiku yuko na genge linalong'oa vipuri vya magari. Filamu hii haimuhurumii wala haimhukumu, na ndiyo sababu naiweka juu ya filamu nyingi za uhalifu zenye bajeti kubwa mara mia.

Tahadhari mbili. Kwanza, wanaongea Sheng na Kikuyu, na Kiswahili cha Bukavu au cha Arua hakitatosha. Acha maandishi ya chini, sabtaito kama tunavyoyaita, yawepo kwa dakika 20 za mwanzo. Sikio likishazoea utayasahau. Pili, kuna sehemu ya mahabusu na choo chake. Usiitazame ukiwa na sahani ya katogo mkononi.

Vuta N'kuvute (2021) ya Amil Shivji imekaa upande mwingine kabisa. Imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, iko Zanzibar ya miaka ya 1950, Waingereza wakiwa bado wanatawala. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali, anatoroka. Denge, kijana wa siasa za ukombozi, anaingia maishani mwake. Wengi huikatia tamaa katika robo saa ya kwanza kwa sababu wanasubiri mapambano yaanze. Hii ni filamu ya mwanga wa taa, vichochoro, taarabu na watu wanaotazamana bila kumaliza sentensi. Mtu ambaye Kiswahili chake alikipata kambini au stendi atasikia humo jinsi lugha hii inavyotembea ikiwa nyumbani kwake, bila haraka, ikificha ukali ndani ya adabu. Kama uliisoma riwaya, usiende na kitabu mkononi kuhesabu yaliyoachwa. Filamu ina saa moja na nusu tu, na Shivji amekata mengi ili abaki na wawili hao.

Ukiwa na nusu saa tu, tafuta Watu Wote (2017). Ni dakika 22. Basi linasafiri kaskazini mwa Kenya, wapiganaji wa al-Shabaab wanalisimamisha na kuwataka Waislamu wawatenge Wakristo, na abiria wanakataa. Imetokana na shambulio la kweli la Desemba 2015 karibu na Mandera. Iliongozwa na Katja Benrath, Mjerumani, kama kazi ya kuhitimu chuo cha filamu cha Hamburg, na ikafika kwenye orodha ya mwisho ya Oscar ya filamu fupi. Mazungumzo ni Kiswahili na Kisomali. Kwa kikundi cha vijana wa dini mchanganyiko hakuna filamu iliyo rahisi kuanzishia mazungumzo kuliko hii, maana inakwisha kabla ya mtu yeyote kuchoka, na hakuna atakayetaka kuondoka mara moja.

Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina ina dakika 74. Jo ana miaka tisa, anaumwa ugonjwa usio na tiba, na anapenda mashujaa wa filamu. Dada yake anashawishi kijiji kizima kimfanye aamini ana nguvu za ajabu. Watoto wataifurahia. Watu wazima wajipange na leso.

Kuhusu Uganda yenyewe, naanza na filamu moja ambayo vijei asiguswe kabisa: Who Killed Captain Alex? (2010) ya Nabwana I.G.G., iliyotengenezwa Wakaliga, mtaa wa Kampala, kwa pesa ambazo katika nchi nyingine zisingetosha chakula cha mchana cha waigizaji. Nabwana alilazimika kuifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kazi nyingine, na nakala iliyobaki duniani ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake. Kwa hiyo vijei hapo ni sehemu ya filamu, kama mwigizaji mwingine. Anaisifu, anaitania, anamtisha adui kabla adui hajafika. Iko YouTube bila malipo. Helikopta za kompyuta zinazolipua majengo ya Kampala zitakuchekesha. Uchekeshwe tu, ndiyo nia yake. Halafu irudie ukiangalia namna watu wa mtaa mmoja walivyojigawia kazi, nani anapigana kung fu, nani anakufa mara tatu na nguo tofauti, na utaona kwa nini watu walisafiri kutoka Ulaya na Marekani kuja Wakaliga.

Filamu ya Uganda ambayo ningependa ijulikane zaidi ni The Boda Boda Thieves (2015) ya Donald Mugisha. Ilionyeshwa katika tamasha la Berlin. Abel ni kijana ambaye baba yake ameumia kwenye ajali, na sasa boda ya familia iko mikononi mwake. Badala ya kubeba abiria anavutwa na mhuni, pikipiki inaibwa, na anabaki akiitafuta mjini kote. Kila anayeishi Kampala anajua boda ni nini katika hesabu ya nyumba: ada ya shule, kodi, mkopo wa kila wiki. Filamu haikuhitaji kueleza hayo, na haielezi.

Itazame kwanza, kisha wiki inayofuata tazama mama yake: Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, Italia, 1948. Roma imetoka vitani, kazi hakuna. Antonio Ricci anapata kibarua cha kubandika mabango kwa sharti awe na baiskeli, na baiskeli yake iko kwa mkopeshaji. Mkewe anayavua mashuka ya kitanda na kuyapeleka rehani ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza kazini, inaibwa. Filamu iliyobaki ni baba na mwanawe mdogo, Bruno, wakizunguka mji kuitafuta. Aliyeigiza Antonio, Lamberto Maggiorani, hakuwa mwigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Baiskeli yenyewe ni ya aina ya Fides, neno lenye maana ya imani, na De Sica hakusimama kukuonyesha hilo kwa kidole. Nyeusi na nyeupe, karibu dakika 90. Wanaosema filamu za zamani zinachosha, wape hii baada ya ile ya Mugisha na utaona kama watasinzia. Utaratibu huu, ya nyumbani kwanza na ya mbali baadaye, unafanya kazi kuliko kumkabidhi mtu orodha ya filamu mia bora za dunia, kwa sababu anafika Roma akiwa tayari anajua kilichoibwa.

Enzi ya Amin nayo inahitaji filamu mbili pamoja. The Last King of Scotland (2006) ilimpa Forest Whitaker Oscar ya mwigizaji bora, na sehemu kubwa ilipigwa hapahapa. Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili yake, na inasikika katika namna anavyozizungusha sentensi za Kiingereza. Lakini yule daktari wa Kiskoti, Nicholas Garrigan, ni mtu wa kutungwa, na vijana waliozaliwa baada ya 1990 mara nyingi huitazama wakidhani wanasoma historia. Dawa yake ni dokumentari ya Barbet Schroeder ya 1974, General Idi Amin Dada, ambamo Amin anajiigiza mwenyewe. Anapiga akodiani, anaonyesha jeshi lake likifanya zoezi la kuteka milima ya Golan, anacheka na kamera. Kisha kuna kikao cha baraza la mawaziri. Amin anaongea, mawaziri wanaandika kwenye madaftari, na anamlaumu waziri wake wa mambo ya nje mbele ya wote. Wiki mbili baadaye mwili wa waziri huyo ulipatikana katika mto Nile. Hakuna muziki wa kukutisha hapo, hakuna damu, kalamu tu zinasogea. Ni tukio la kutisha kuliko lolote la filamu ya 2006. Alipopata habari za yaliyomo, Amin aliudhika, akawafanya Wafaransa waliokuwa Uganda mateka hadi dakika chache zikatwe, zilirudishwa alipoanguka.

Upande wa Waasia waliofukuzwa na Amin uko katika Mississippi Masala (1991) ya Mira Nair, inayoanza Kampala ya 1972 na kuhamia kusini mwa Marekani. Kila mtu huikumbuka kwa mapenzi ya Denzel Washington na Sarita Choudhury. Mimi naona moyo wake uko kwa baba, Jay, anayeandika barua miaka nenda miaka rudi akidai nyumba yake ya Kampala. Kuna sehemu za kitandani, kwa hiyo usiifungue ukiwa umekaa na wakwe. Ya Nair nyingine, Queen of Katwe (2016), unaweza kuiona na bibi, na mjomba, na mtoto wa chekechea: Phiona Mutesi, chesi, mahindi ya kuuza, Lupita Nyong'o akiwa mama asiyetaka watoto wake waote ndoto za bure. Majina yakianza kupanda mwishoni, usizime, maana kila mwigizaji anasimama kando ya mtu halisi aliyemwigiza. Kwenye vibanda watu wanakuwa wameshafika mlangoni wakati huo.

Nyingine za kwetu nitazipitia haraka. War/Dance (2007) inafuata watoto wa kambi ya Patongo, kaskazini, wakijiandaa kwa mashindano ya kitaifa ya muziki. Ni ya Kiacholi na inastahili spika nzuri kwa sababu ya zilofoni. The Girl in the Yellow Jumper ya Loukman Ali ilikuwa ya kwanza ya Uganda kuingia Netflix, mwaka 2021. Hadithi imepinda kimakusudi, kwa hiyo usiende kuchota maji katikati. Filamu yake fupi, Katera of the Punishment Island, inachukua kisa cha Ziwa Bunyonyi na wasichana waliotupwa kisiwani kwa kushika mimba kabla ya ndoa. Bobi Wine: The People's President (2022), iliyoongozwa na Moses Bwayo na Christopher Sharp, iliteuliwa kuwania Oscar ya dokumentari, na ni ya kutazamwa hata na asiyempigia kura. Anayeishi Kisoro au Bunagana atafute Virunga (2014), ng'ambo tu ya mpaka, ambamo walinzi wa sokwe wanaongea Kiswahili cha jirani zake.

Kuhusu tuzo, kidogo, kwa sababu mabango yanadanganya. Neno "Oscar" kwenye bango linaweza kuwa na maana tatu tofauti. Kila nchi huwasilisha filamu moja kwa mwaka kwenye tuzo ya filamu ya kimataifa. Hiyo ni "iliwasilishwa". Kutoka hapo hubaki 15, kisha tano, na hizo tano ndizo "zilizoteuliwa". Moja hushinda. Tembele ya Morris Mugisha, inayomhusu mzoa taka wa Kampala aliyefiwa na kichanga, iliwasilishwa na Uganda. Ni heshima, na filamu ni nzito na nzuri, ila haikufika kwenye zile tano, na muuzaji anayekuambia ni "ya Oscar" anakuongezea. Vilevile alama ya matawi mawili yenye jina la tamasha mara nyingi huonyesha filamu ilionyeshwa hapo, si kwamba ilishinda. Kwa filamu za Afrika mimi huangalia kwanza FESPACO ya Ouagadougou, iliyoanza 1969, na tamasha la Zanzibar, ZIFF. Waamuzi wa huko hawahitaji kuelezwa mahari ni nini.

Za mbali zaidi nitapendekeza tatu tu, nje ya Timbuktu. Children of Heaven (1997) ya Majid Majidi, Iran: kaka amepoteza viatu vya dada yake, na watoto wawili wanabadilishana jozi moja ya raba, mmoja akisoma asubuhi na mwingine mchana, wazazi wasijue. Mtoto wa shule ya msingi wa Masaka ataifuata hata asiposoma neno moja la maandishi ya chini, na kwa hiyo ni filamu nzuri ya kumfundishia mtu kutazama bila vijei. Félicité (2017) ya Alain Gomis: mwimbaji wa baa ya Kinshasa anatafuta pesa za upasuaji wa mwanawe aliyepata ajali ya pikipiki, na nyumbani kuna friji isiyokubali kutengenezeka. Inapotea kidogo nusu ya pili. Vumilia, muziki utakubeba. Na Parasite (2019) ya Bong Joon-ho wa Korea, iliyoshinda Cannes na kisha Oscar nne. Angalia ngazi. Kila mtu anapopanda au kushuka, pesa zinahesabiwa.

Tamthilia za vipindi zinahitaji hesabu kabla ya mapenzi. Drama ya Kikorea ya vipindi 16, kila kimoja saa moja na zaidi, ni kama saa 20 za maisha yako. Jewel in the Palace ina vipindi 54. Ukiianza Jumatatu ukiwa na kazi, ndoa yako itajua. Kwa anayetaka kuonja tamthilia iliyosifiwa bila kujifunga, Chernobyl (2019) ina vipindi vitano tu na unajua mwisho wake kabla hujaanza, ilhali huwezi kusimama. Kwa Kiswahili, Siri ya Mtungi ya Tanzania, ya mwaka 2012, bado haijapata mpinzani kwa namna inavyoonyesha ndoa, michepuko na uongo mdogomdogo wa nyumbani. Mhusika mkuu, Cheche, ni mpiga picha wa Bagamoyo. Kipimo changu cha tamthilia ni kipindi cha tatu. Cha kwanza kimepigwa kwa bidii ili kikunase, cha pili kinaishi kwa mkopo wa cha kwanza. Cha tatu kikiwa hakina mtu unayetaka kujua atafanya nini kesho, acha.

Sasa vifaa, kwa sababu hapa ndipo jioni nyingi huharibika.

Maandishi ya chini huja kama faili dogo lenye mwisho wa .srt. Lipe jina lilelile la filamu, herufi kwa herufi, uliweke kwenye folda moja na filamu, na TV nyingi zitalisoma zenyewe. Yakitangulia sauti au kuchelewa kwa muda uleule mwanzo hadi mwisho, fungua kwenye laptopu kwa programu ya VLC: H huyachelewesha, G huyawahisha, kila ukibonyeza ni sehemu 50 za elfu ya sekunde, yaani mara 20 ni sekunde moja. Lakini yakianza sawa na kuachana polepole kadiri filamu inavyokwenda, G na H hazitakusaidia. Hapo faili lilitengenezwa kwa nakala ya kasi nyingine, picha 25 kwa sekunde dhidi ya 23.976, na kila saa mtaachana karibu dakika mbili na nusu. Tafuta faili jingine.

TV ikikataa filamu kutoka kwenye flashi, sababu mara nyingi ni moja kati ya mbili. Flashi iliyofomatiwa FAT32 haibebi faili linalozidi GB 4, na duka la kupakia filamu likilazimisha unapata kipande tu. Au filamu imebanwa kwa mbinu mpya ya HEVC, na TV yako ya zamani haiijui, ikikupa sauti bila picha. Omba nakala ya H.264, hata kama ni kubwa zaidi. Kwa wanaotazama kwa bando: Netflix katika kiwango cha chini hula kama GB 0.3 kwa saa, na katika cha juu cha HD hadi GB 3. Kwenye skrini ya simu cha chini kinatosha.

Mazungumzo yakiwa madogo na milipuko mikubwa, usiilaumu filamu. Sauti imechanganywa kwa spika sita, maneno yakiwa kwenye ile ya katikati ambayo wewe huna. Chagua sauti ya stereo kwenye menyu. Na kwenye TV mpya, zima ile kazi ya kulainisha mwendo wa picha, maana inaifanya Roma ya 1948 ionekane kama taarifa ya habari ya saa moja.

Umeme ukikatika, hesabu ni rahisi. TV ya LED ya inchi 32 inatumia takribani wati 50. Betri ya sola ya 12V 50Ah, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inatoa kama wati-saa 300. Filamu mbili zinapita na spika ndogo juu. Projekta ya taa ya zamani ni habari nyingine: wati 250 hadi 300. Hata betri ya 100Ah itakuachia watu gizani wakati hadithi inafika kileleni, kwa sababu inveta nayo inakula sehemu yake. Tena taa hiyo ikizimwa ghafla feni haijaipoza, inafupisha maisha yake. Kwa ua la kanisa au msikiti, tafuta ya LED ya wati zisizozidi 100, ya mwanga mdogo, na subiri giza. Huku kwetu ikweta jua linazama karibu saa moja jioni mwaka mzima, hivyo saa moja na nusu unaweza kuanza bila kubahatisha. Maonyesho ya hadhara yanahitaji ruhusa ya mwenye filamu chini ya sheria ya hakimiliki ya 2006. Mwandikie mapema, ukitaja mahali, tarehe, idadi ya watu na kama kuna kiingilio.

Ukiwa na wasiosoma Kiingereza, mteue mmoja asome maandishi ya chini kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, na umpe sharti moja: asiongeze lake. Wakinyamaza kwenye skrini, naye anyamaze. Waliozoea vibanda watamrushia maneno dakika za mwanzo.

Na kama ni Novemba na unaonyesha nje, usiwashe balbu nyeupe karibu na skrini. Nsenene, wale panzi wa kuliwa, wanafuata mwanga. Nsenene wakishuka, hata Bruno na baba yake wataachwa peke yao Roma, watazamaji wote wakiwa wameinama kwenye nyasi na mifuko ya plastiki.